Nafuu ya kodi: Ni haki ya mwenye nguvu au ya mwenye mzigo?

Kila linapoitishwa kongamano la kuhamasisha uwekezaji mikoani, neno "vivutio" ndilo linalosikika kuliko yote. Nyanda za Juu Kusini ni mfano mzuri. Wageni hualikwa Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe na Songwe zilizomegwa kutoka mikoa hiyo miwili mwaka 2012 na 2016, na huelezwa kuwa ardhi yenye rutuba ipo, mvua ipo, reli ya TAZARA ipo, barabara kuu ya kwenda Zambia ipo, uwanja wa ndege wa Songwe upo. Kisha huongezewa kuwa na nafuu ya kodi ipo.

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunaishi mijini, na tunaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya huko shamba. Lakini mchele wa Mbarali na Kyela ndio ulio kwenye masufuria yetu. Viazi vya Njombe ndivyo chipsi zetu. Chai ya Mufindi na Rungwe ndiyo tunayofuturia. Tunakula jasho la watu hawa, hivyo ni wajibu wetu kujua wanatendewa nini.

Katika makala haya sitauliza kama tunahitaji viwanda, kwani kila mwenye akili anajua tunavihitaji. Ninauliza swali la uadilifu: Serikali inapoamua kumpunguzia mtu kodi, nani anastahili kupunguziwa, na kwa sharti gani?

Tuanze na kumbukumbu. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 1990 ilimpa mwekezaji aliyekubaliwa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 5. Ikafuatiwa na sheria ya mwaka 1997 iliyounda Kituo cha Uwekezaji (TIC). Mwaka 2002 ikaja sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, ambayo ilitoa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10, na pia msamaha wa kodi na tozo za halmashauri kwa miaka 10. Mwaka 2010 ukazinduliwa jijini Dar es Salaam mpango wa SAGCOT, ukanda wa kilimo unaoanzia bandarini na kupita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Sumbawanga. Lengo lililotangazwa lilikuwa kulima kibiashara hekta 350,000, kuzalisha ajira 420,000 na kuwatoa watu milioni 2 katika umasikini ifikapo mwaka 2030.

Nafuu hizi zilikuwa na gharama. Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali alionesha kuwa katika mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ya kodi nchini ilifikia takriban shilingi trilioni 1.8. Kelele zilikuwa kubwa, na sheria ya VAT ya mwaka 2014 ikaja kupunguza baadhi ya misamaha hiyo.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika miaka ile ile ambayo mwenye mtaji mkubwa alikuwa anasamehewa, mkulima wa Ismani au Igurusi alikuwa anadaiwa kodi ya maendeleo, ile ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa. Alidaiwa kwa sababu tu ni mtu mzima aliye hai, awe amevuna au hakuvuna. Mgambo walikuwa wakiweka vizuizi njiani, na wanaume wazima walikuwa wakikimbilia vichakani kama wezi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 10 nchi yetu ilikuwa na sheria ya kumsamehe mwenye kiwanda na sheria ya kumkimbiza mwenye jembe, na zote mbili ziliitwa sera za maendeleo!

Hata baada ya kodi ya kichwa kuondoka, ulibaki ushuru wa mazao. Kisheria ushuru huo hulipwa na mnunuzi, lakini kila aliyewahi kusimama gulioni anajua kinachotokea. Mnunuzi anautoa kwenye bei anayompa mkulima, na mkulima hana ghala wala uwezo wa kusubiri, hivyo anauza.

Uislamu unatufundisha nini katika hili? Nitaje mambo mawili tu.

La kwanza ni zaka ya mazao. Zaka ni ibada, na sidai kuwa ni kitu kimoja na ushuru wa halmashauri. Lakini ndani yake mna kipimo cha uadilifu ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Kwanza kuna nisabu: aliyevuna chini ya wasaq 5, ambazo wanachuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa kama kilo 650, hadaiwi kitu. Pili, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa shamba linalonyweshwa na mvua au chemchemi hutolewa moja ya kumi, na shamba linalonyweshwa kwa taabu ya kuteka maji hutolewa nusu ya hiyo, yaani moja ya ishirini.

Tuzingatie hapo. Sheria imetoa nafuu ya nusu nzima. Imempa nani? Hakupewa mwenye shamba kubwa zaidi, wala anayetishia kuhamia kwingine, wala anayejuana na wakubwa. Amepewa aliyebeba gharama na taabu. Nafuu imefuata mzigo.

La pili ni ardhi. Uislamu unahimiza kuifufua ardhi iliyokufa, na anayeifufua anapata haki juu yake. Hiki ni kivutio cha uwekezaji kilichotangulia sheria zetu zote. Lakini kilikuwa na sharti. Imepokewa katika vitabu vya mali na kharaj kuwa Bilal bin al-Harith (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) eneo kubwa la al-Aqiq. Ulipofika ukhalifa wa Umar (r.a.), akamwambia abaki na sehemu anayoweza kuilima, na iliyobaki airudishe igawiwe Waislamu. Huyu ni sahaba, na aliyempa ni Mtume mwenyewe! Pamoja na hayo, Umar hakuona kuwa heshima ya mtu ni sababu ya ardhi kukaa bure. Imepokewa pia kutoka kwake kuwa mwenye kuhodhi ardhi miaka 3 bila kuiendeleza hana haki nayo tena.

Kwa hiyo tunapata kanuni mbili. Nafuu ni ya mwenye mzigo. Na nafuu ni amana ya kazi. Kazi isipofanyika, inarudi kwa wenyewe.

Tuzipime kanuni hizi Mbarali. Shamba la mpunga la Kapunga lilikuwa mali ya shirika la umma la NAFCO. Mwaka 2006 likauzwa kwa mwekezaji. Hati iliyotolewa ilikuwa ya hekta 7,370 wakati shamba lenyewe lilikuwa hekta 5,500. Hekta 1,870 zilizozidi zilikuwa ardhi ya wanakijiji. Watu wakaamka wakiwa wageni katika ardhi ya baba zao. Mgogoro uliendelea kwa miaka mingi kabla ya Serikali kukiri kasoro na kuamua ardhi hiyo irudi kwa wananchi. Na haya yalitokea wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ipo, inayotambua mamlaka ya kijiji juu ya ardhi yake. Kivutio kilichotolewa kwa tajiri kilikatwa kutoka mwilini mwa masikini.

Hapa kuna hoja ambayo lazima ijibiwe kwa insafu. Wapo wanaosema: kiwanda ambacho hakijajengwa hakilipi kodi yoyote, basi ukikisamehe hujapoteza kitu. Ukikataa, mwenye mtaji atavuka Tunduma aende Zambia, na vijana wako watabaki vijiweni. Hoja hii si ya kupuuzwa. Anayejenga kiwanda cha kusindika nyanya Ilula au maziwa Njombe anakabiliwa na umeme unaokatika, barabara za vumbi na msimu usiotabirika. Hatari anayoibeba ni ya kweli.

Jibu ni kuwa kwa kanuni ile ile ya mvua na ndoo, mtu huyu anastahili nafuu kwa kiasi cha mzigo alioubeba. Akijenga barabara ambayo halmashauri ilipaswa kuijenga, apunguziwe. Akivuta maji yakanywesha na kijiji, apunguziwe. Akiingia mkataba na wakulima wadogo, akawakopesha mbegu na kukubali kupata hasara pamoja nao mvua ikigoma, apunguziwe zaidi. Lakini aliyekuta barabara ya lami, umeme na shamba lililochimbwa mifereji kwa fedha za umma, huyo shamba lake ni la mvua. Anastahili kutoa moja ya kumi kamili.

Wala si kweli kuwa msamaha haumgharimu mtu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejea mwaka 2024. Fikiria basi: halmashauri ikimsamehe mwenye kiwanda shilingi milioni 100 za ushuru wa huduma, milioni 10 kati ya hizo zimetoka kwenye mfuko wa mama ntilie na kijana wa bodaboda. Sisi ambao kila siku tunalia kuwa riba inawamaliza watu wetu, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza fedha hizi zinakwenda wapi.

Tuseme pia mazuri, kwani kuficha ukweli si uadilifu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Waliotunga sheria hiyo huenda hawakuwa wanafikiria nisabu, lakini wameikaribia. Agosti 8, 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, na mfuko uliokuwa umepita shilingi laki moja ukauzwa karibu shilingi 70,000. Hicho ni kivutio kwa mwekezaji ambaye hatumwiti mwekezaji, yaani mkulima wa ekari mbili. Na kule Rungwe, viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli vilipobinafsishwa, wakulima wadogo walipata sehemu ya hisa katika kampuni ya Wakulima Tea. Hapo mkulima si muuza majani tu, ana sauti kwenye meza ya wenye kiwanda.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Waislamu wengi wa mijini ni wafanyabiashara wa mazao. Tuna maghala Mbeya, tuna malori, tuna vizimba Dar es Salaam. Ni nani anayefunga lumbesa? Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini viazi vinashindiliwa na kuongezewa kilemba juu hadi gunia linakuwa kama mtu mwenye mimba, kisha mkulima analipwa gunia moja. Halmashauri inayohesabu ushuru kwa gunia nayo inapunjwa. Qur'an ina sura nzima, al-Mutaffifin (83), inayoanza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Anayefunga lumbesa amejipa msamaha wa kodi ambao hakuna Bunge lililoupitisha, na ameutoa mfukoni mwa mkulima. Hatuwezi kumnyooshea kidole mwekezaji mkubwa huku mizani yetu imepinda.

Ndugu zangu, yapo mambo matatu ambayo kila mwananchi anaweza kumuuliza diwani wake. Je, nafuu iliyotolewa imeandikwa wazi na kusomwa mbele ya wananchi, au imebaki kabatini? Je, aliyepewa amebeba mzigo gani ambao wengine hawakuubeba? Na je, kuna siku iliyowekwa ya kumkagua, na asipotimiza ahadi nafuu ikarudi, kama al-Aqiq ilivyorudi? Maswali haya hayahitaji shahada ya uchumi. Yanahitaji watu wanaohudhuria mikutano ya mitaa na vijiji badala ya kuwaachia wengine.

Allah (s.w.) ametufundisha katika Suratul-Hashr (59:7) kuwa mali haitakiwi kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Kiwanda kikijengwa Mufindi kikapata nafuu, na nafuu hiyo ikaonekana katika bei ya majani ya mkulima, katika ujira wa kibarua na katika mfuko wa mikopo ya halmashauri, basi mali imezunguka. Ikiishia kwa mwenye kiwanda na aliyemsainia, tusiiite maendeleo.

Wabillahi tawfiq.