Mcheza Kwao Hutunzwa?

Pale Kurasini, ukitokea Uhasibu kuelekea bandarini, malori ya makontena hayakupi nafasi hata ya kupumua. Kijiwe chetu kiko kando ya vumbi hilo. Jioni moja mada ilikuwa binti wa jirani. Kamaliza kidato cha nne, anacheza beki, na miguu anayo kweli. Baba yake katoa hukumu mbele yetu: "Mpira atauchezea jeshini. Wakimchukua, sawa. Wasipomchukua, avue viatu akasomee unesi, awatumikie watu."

Sote tukatikisa vichwa, mzee kanena. Hata mimi nilitikisa. Usiku ndipo usingizi ukanipaa.

Ndugu msomaji, mzee hakukosea hesabu. Njaa haina mjadala. JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya wanawake msimu wa 2022/23, ikabeba kombe la klabu za CECAFA mwaka 2023, ikaenda Ivory Coast kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika. Dada anayepata ajira kule ana jezi na ana gwanda. Siku goti likigoma, kazi bado ipo. Nani atabeza hilo?

Kilichoninyima usingizi ni kingine. Kaka yake yule binti naye anacheza, tena kiwango chenyewe cha kubahatisha. Hakuna aliyewahi kumwuliza atawatumikia watu lini. Yeye anacheza, basi. Kwa nini dada alipie ruhusa ya kucheza, na malipo yenyewe yawe utumishi?

Nikamkumbuka Lily Parr. Huyu alikuwa Mwingereza, kazaliwa 1905. Mwaka 1920, akiwa bado kigoli, alijiunga na Dick, Kerr Ladies, timu iliyoanzishwa na wasichana wa kiwanda cha silaha mjini Preston wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mechi zao zilikuwa za kuchangisha fedha za wahitaji, wakiwemo askari waliojeruhiwa. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Utumishi gani tena mnautaka zaidi ya huo?

Haukutosha. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia viwanja vya klabu zake zote. Kilisema mpira hauwafai wanawake. Kisha kikaongeza kwamba fedha inayofika kwenye misaada ni kidogo, gharama ni kubwa. Umeiona hiyo? Walinunua ruhusa kwa sadaka, na sadaka hiyohiyo ikageuzwa kuwa shtaka. Marufuku ile ilidumu karibu miaka 50.

Lily hakuacha. Alicheza kwenye viwanja vya pembeni hadi 1951, huku akifanya kazi ya unesi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Whittingham. Alifariki 1978. Sanamu yake ilisimamishwa Manchester mwaka 2019. Kuwauguza watu ambao jamii imewapa kisogo ni kazi kubwa, na mimi naivulia kofia. Ila sikubali tuseme kwamba unesi ndio uliomsafisha na mpira. Mpira haukuwa dhambi.

Mshikaji mmoja kijiweni alinibana: "Nesi anaokoa roho. Mpira unaokoa nani?" Swali zito. Sitadai kwamba bao ni sawa na sindano ya dawa. Lakini tazama Twiga Stars. Mwaka 2010 walifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, kule Afrika Kusini. Mechi zote tatu za kundi walifungwa. Miaka 15 baadaye, Julai 2025, Twiga wengine walikuwa Morocco kwenye fainali hizo, wakatoka sare 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Wale wa 2010 walirudi bila kombe, lakini waliacha njia. Anayefyeka njia ili wengine wapite, tumwiteje kama si mtumishi?

Utumishi unaochagua mwenyewe ni heshima. Unaodaiwa ili uruhusiwe kucheza ni faini. Na faini, kama alivyoonjeshwa Lily, huwa haiishi kulipwa.

Kesho yake nilimfuata mzee. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Nikamwaga hoja zangu zote, na Lily ndani yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Sawa, mwanangu. Asipopata jeshi, wewe utamlisha?"

Nilikaa kimya. Mpaka leo sina jibu la peke yangu. Ila methali tunayoiimba kila siku inasema mcheza kwao hutunzwa. Haisemi atunzwe akishavaa gwanda, wala akishauguza wagonjwa. Na deni inamwachia nani? Inawaachia kwao, siyo mcheza wala baba yake peke yake. Kwao ni Kurasini. Ni sisi tuliotikisa vichwa.

Jioni ile nilipita uwanjani. Binti alikuwa bado na viatu miguuni.