Kundi la Kulinda Enzi Zetu

Mwaka 1985 mwanasheria Samuel Alito, akiomba cheo katika Wizara ya Sheria ya Marekani, alijaza kwenye fomu kwamba ni mwanachama wa Concerned Alumni of Princeton, chama cha waliosoma chuo kikuu chake, Princeton. Januari 2006, alipokuwa akihojiwa na maseneta ili awe jaji wa Mahakama ya Juu, mstari ule ukaibuliwa. Alisema hakikumbuki chama hicho. Mkewe alitoka ukumbini akilia.

Ujaji aliupata. Lakini tukitazame chama chenyewe.

Princeton ilianza kupokea wasichana wa shahada ya kwanza mwaka 1969, na wanafunzi weusi nao walikuwa wakiongezeka. Baadhi ya waliosoma hapo zamani waliona chuo chao kinawaponyoka. Mwaka 1972 wakaungana, wakaanzisha na jarida, Prospect. Siwacheki. Nani kati yetu hajarudi shuleni kwake akakuta bweni lake limegeuzwa stoo, asiumie? Ila wenzetu hawa walikusanywa zaidi na chuki ya mabadiliko kuliko mapenzi ya chuo.

Dalili zilijitokeza mapema. Bill Bradley, nyota wa mpira wa kikapu aliyesoma hapo na baadaye akawa seneta, alijitoa kwenye jarida mwaka 1973. Mtu wa namna hiyo akiondoka, mnaobaki mnapaswa kukaa kitako na kuulizana kulikoni. Wao waliendelea. Mwaka 1975 jopo la wahitimu likasema chama kinatoa picha potofu ya chuo. Hilo nalo likapita. Na kila mwaka chuo kikihitimisha wanawake, chama cha wahitimu kikawa kinagombana na wahitimu. Mwaka 1986 kikafa.

Ndugu msomaji, mtu makini akitoka kundini kimyakimya, mfuate umuulize.

Nasema hivi nikijua nilivyo. Kundi letu la WhatsApp la tuliomaliza pamoja kidato cha nne lilianza kwa michango ya misiba na madawati. Siku moja mwenzetu akapendekeza waliosoma kutwa wasiingie kwenye kamati, eti "hawakuijua shule". Nikaweka dole gumba. Juzi nimepandisha ujumbe wa zamani, nikakuta usiku uleule watu wawili walijitoa. Mmoja alikuwa wa bweni kama mimi, kitanda cha juu yangu. Bado sijampigia.