Kumkhalifu Mwalimu: Ni Utovu wa Adabu?

Katika darsa nyingi za mwambao wetu hali ni moja. Mwalimu husoma ibara ya Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, na waliokaa mbele yake huinamisha vichwa mpaka isomwe Fatiha. Akishaondoka mwalimu ndipo maneno huanza. Huyu, barazani, hunena kwamba yale hayakumwingia. Yule husema kitabu alichokisoma kwao kimeeleza vingine. Aliyefaa kuyasikia hayo ni mwalimu, naye ndiye peke yake asiyeyasikia. Nasi kimya kile tunakiita adabu.

Je, ni adabu kweli?

Nitajibu kwa kitabu ambacho wengi wetu tumekiona juu ya marufaa mwezi wa Ramadhani, nacho ni Tafsiri ya Jalalayn. Kimeitwa hivyo kwa kuwa waandishi wake ni Jalali wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, wote watu wa Misri. Mwalimu, Jalaluddin al-Mahalli, alianza na nusu ya mwisho, tangu Suratul-Kahf mpaka an-Nas, akarudi mwanzo akaifasiri al-Fatiha, kisha akafariki mwaka 864 wa Hijra. Kitabu kikabaki nusu. Ramadhani ya mwaka 870 (1466) mwanafunzi wake Jalaluddin as-Suyuti, kijana wa miaka 21, akashika kalamu, akatoka al-Baqara akafika mwisho wa al-Israa kwa muda wa siku 40. Akaufuata mtindo wa mwalimu wake hata asiyeambiwa hatambui mkono mmoja umeishia wapi.

Lakini wawili hawa hawakuafikiana katika yote. Al-Mahalli katika Suratu Sad, penye khabari ya Nabii Adam kupulizwa roho, ameieleza roho kuwa ni mwili mwembamba unaompenya mwanadamu akawa hai. As-Suyuti alipofika Suratul-Hijr, penye khabari iyo hiyo, kwanza alimfuata mwalimu wake akaandika vile vile. Kisha akaitazama ile aya ya Suratul-Israa ya watu waliouliza khabari ya roho, wakajibiwa kuwa hilo ni katika mambo ya Mola. Akaona kunyamaza hapo ni bora kuliko kueleza, akayapiga mstari aliyoyaandika.

Alipiga mstari maneno yake mwenyewe. Ya mwalimu katika Suratu Sad aliyaacha, nayo yapo mpaka leo. Mwenye kitabu na akifungue aone. Na mwisho wa kazi yake akataja waziwazi kwamba amekhitilafiana na sheikh wake mahali pachache sana, pasipofika kumi kwa dhana yake, akatoa na sababu. Papo hapo akakiri kuwa kazi ya mwalimu ni bora kuliko yake kwa daraja nyingi. Mwalimu alikwisha kuzikwa, na kijana angeweza kufuta au kuficha. Basi adabu naiona hapo, si katika kuinamisha kichwa.

Atasema msemaji: Mbona Nabii Musa, katika Suratul-Kahf, aliwekewa sharti asiulize? Hoja hii ina uzito, na wapendao kimya huiegemea. Lakini Khidhri alikuwa na elimu aliyofunzwa na Mwenyezi Mungu, na sisi tunasoma Safina na Minhaji kwa macho haya yanayoruka mistari. Tena Khidhri hakuachana na Musa mpaka alipomweleza mambo yote moja baada ya moja. Mwalimu ashikaye sharti la Khidhri na ashike na maelezo yake.

Na kimya hiki kina madhara, kwani kitabu cha fiqhi hakibaki msikitini. Kijana aliyefahamu nusu ya mas'ala ya talaka ndiye atakayegongewa mlango usiku na dada yake, mume ametamka neno kwa hasira, naye atamjibu kwa ile nusu. Mwanamke akafungasha nguo zake na watoto wake kwa jambo ambalo lau lingeulizwa darsani lingalifafanuliwa kabla ya adhana.

Vijana nao wasinifahamu vibaya. Siku hizi mtu husoma kurasa mbili katika simu yake, akaja darsani kumtega mzee mbele za watu. Huyo simo naye. Maulamaa wameyaita mazungumzo haya mudhakara, yaani kukumbushana, na mwenye kukumbusha hatafuti wa kumshinda. Subiri ibara iishe, uje na kitabu chenyewe mkononi, uonyeshe mahali. Na likiwa ni jambo la kumwaibisha, ngoja watu watoke.

Lakini mzigo mkubwa uko kwetu sisi walimu. Mwanafunzi hunyamaza kwa kuwa amewahi kumwona mwenziwe akikemewa. Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani walimkhalifu mwalimu wao Imamu Abu Hanifa katika mas'ala mengi, na vitabu vya madhehebu yake vimezichukua kauli zao kando ya kauli yake. Imamu Malik alikuwa mashuhuri kwa kusema "sijui". Sasa sisi wa Safina tunaogopa nini?

Katika darsa yangu nimeweka robo saa kabla ya Fatiha, kila mtu aseme lililomkaa na lililomkwaza. Siku za mwanzo hapana aliyefungua kinywa, mpaka mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili alipouliza: hizo kulla mbili za maji tulizozisoma, birika yetu inazifikia? Wazee wakatazamana, maana wameitawadhia birika hiyo maisha yao yote. Kipimo kinajulikana, dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Tukatafuta uzi, tukatoka sote kwenda kuipima.