KUSHUKA SI KUANGUKA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, awashikaye ndege angani kwa uweza wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, mwenye akili huchukua mazingatio popote ayaonapo, hata katika khabari za watu wasio wa dini yake. Khabari ya leo ni ya bibi mmoja wa Kiingereza, Beryl Markham, aliyeletwa Kenya angali mtoto mdogo, akakulia Njoro, akajifunza urubani katika nchi hii. Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika ndege ndogo ya mashine moja, akikusudia kuivuka bahari ya Atlantiki mpaka New York. Alichukua matangi ya ziada ya petroli, wala hakuwa na chombo cha kusemezana na mtu. Alikwenda hivyo zaidi ya saa 20, na upepo ukimkabili. Alipokwisha kuiona nchi kavu ya Canada, mashine ikakohoa, kisha ikanyamaza. Yasemekana kuwa barafu iliziba vitundu vya kupitishia hewa katika tangi, petroli ikakataa kwenda. Tazameni, enyi ndugu: bahari nzima ameivuka, na kitundu kidogo kikamkatia safari.

Wengi wetu hudhani kuwa mashine ikizimika, ndege huanguka kama jiwe. Sivyo. Ndege hubebwa na mabawa yake, na mabawa hayabebi ila hewa ikipita juu yake kwa mwendo. Mashine ikinyamaza, rubani hana budi kuiinamisha pua ya ndege, ashuke kwa taratibu, autoe ule urefu wa kwenda juu ili apate mwendo. Na moyo wa mwanadamu wakati huo wamwambia kinyume chake: inua pua, usiiache mbingu! Akiutii, mwendo hupungua, hewa huyaacha mabawa, na hapo ndipo ndege inapoanguka kweli. Na wako marubani ambao mashine iliwazimikia punde tu baada ya kuruka, wakataka kugeuka warudi uwanjani, ilhali urefu wa kugeukia hawanao, wakaangamia. Lau wangalikubali kutua palipo mbele yao, huenda wangalisalimika.

Bibi yule alitua katika kinamasi cha Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton. Pua ya ndege ilizama topeni, naye akaumia kichwa, lakini alitoka kwa miguu yake. New York hakuifikia kwa ndege ile. Walakini amehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na Mwenyezi Mungu akamwandikia umri wa karibu miaka 50 zaidi, hata akafa Nairobi mwaka 1986.

Sasa natujitazame sisi. Ni nyumba ngapi katika miji yetu hii ya pwani ambazo mashine yake imezimika? Biashara imekufa, au kazi imekatika, au mwenye kuilisha nyumba ameugua. Haya ni majaribu ya Mola, wala si aibu. Aibu ni yale tuyafanyayo baadaye. Mtu hana kitu, lakini harusi ya binti yake lazima iwe ya siku kadha wa kadha, na pilau ipikwe kwa masufuria, kwa sababu ya fulani ilikuwa hivyo. Baba amekufa na deni shingoni, na watoto wake wakopa tena ili walishe watu matangani. Akosaye wa kumkopesha sokoni, leo simu iliyo mkononi mwake yamkopesha kwa riba, na riba ni katika makubwa aliyoyakataza Mwenyezi Mungu. Huku ndiko kuinua pua ya ndege iliyozimika. Watu humwona yuko juu, nao hawajui kuwa mabawa hayabebi tena.

Wazee wetu walisema, mpanda ngazi hushuka. Nahodha wa jahazi akiona upepo umezidi hutua tanga, wala hapana abiria amwambiaye kuwa ameaibika. Basi mbona kupunguza matumizi twakuita kuanguka?

Na asidhani mtu kuwa kujitupa na kusema "nimemtegemea Mungu" ndiko kutawakali. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha yule mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Rubani aombaye Mungu huku mikono yake i katika usukani amefanya yote mawili. Na Qur'ani yatueleza khabari za wale ambao mawimbi yakiwazunguka humwomba Mungu kwa ikhlasi, kisha wakifika pwani humsahau. Tusiwe katika hao.

Yako maneno pia kwa walio na neema. Rubani mwenye dhiki hutafuta mahali pa kutua. Na mwenye dhiki mjini, uwanja wake ni ndugu zake. Bibi yule alipotoka topeni alipokewa na wavuvi wa pwani ile. Je, sisi twampokeaje ashukaye? Tukimcheka kwa kuwa harusi yake ilikuwa ya tende na kahawa, tumemjazia uwanja mawe, naye atabaki juu mpaka aangamie. Mwenyezi Mungu ametuamuru tumpe muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe ni kheri zaidi kwetu. Basi tajiri na aanze yeye: afanye harusi ndogo ilhali aweza kubwa, ili maskini apate pa kutua bila haya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe rizki ya halali, na subira inapopungua, na atujaalie mwisho mwema siku ambayo mashine ya kila mmoja wetu itanyamaza. Amin.