Kumwachia Mkongwe Nafasi

Katika mieleka ya kulipwa, ile inayochezwa ulingoni mbele ya watu waliotoa kiingilio, ipo desturi ambayo wapenzi wa mchezo huo waijua vyema. Mkongwe anapokaribia kustaafu, aghalabu huangushwa na kijana. Jambo hilo hupangwa mapema na wenye pambano, naye mkongwe hulikubali, maana kuanguka kwake mara ya mwisho ni kama kumkabidhi kijana sehemu ya jina lake. Wenzetu wa Kinshasa, ambako mieleka hiyo imekuwa na mashabiki wengi tangu miaka ya 1970, hawalioni hilo kuwa la ajabu. Basi mtu aweza kumwazia mpiga mieleka wa makamo aliyekaa juu ya sanduku lake, usiku wa kuamkia safari ya kwenda kupambana ng'ambo, akihesabu miaka yake ulingoni na kutambua kwamba safari hii anakwenda kutoa, hakuna atakachopokea. Katika mieleka, hiyo ndiyo adabu ya kuaga.

Twauleta mfano huu kwa kuwa historia ya michezo ya Burundi ina kisa kilichokwenda kinyume chake. Katika kisa hicho kijana ndiye aliyempisha mkongwe, mchezo wenyewe ulikuwa riadha, na hapakuwa na mtu aliyeyapanga matokeo. Wakazi wengi wa Bujumbura wanakikumbuka. Hata hivyo, tuonavyo sisi, kimesimuliwa mno kuliko kilivyofikiriwa.

Dieudonné Kwizera, aliyezaliwa mwaka 1967, alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Mbio za namna hiyo hazimpi mtu muda mrefu: nguvu huja katika miaka ya ishirini, na ukikaribia thelathini huanza kuaga. Katika miaka yake mizuri Olimpiki zilifanyika mara mbili, Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992, naye hakwenda. Hakuzuiwa na miguu yake. Nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa, na pasipo kamati hakuna mwanariadha anayeweza kuandikishwa. Michezo ya Atlanta ya mwaka 1996 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa Burundi kushiriki, na ilipofika, Kwizera alipangiwa kwenda kama kocha. Mlango ulifunguliwa wakati mgonja mlangoni amekwisha kuchoka kusimama.

Kijana wa kisa chetu ni Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika uliokuwa mkoa wa Makamba, kusini mwa nchi. Alikuwa na umri wa miaka 22. Mwaka mmoja kabla yake, katika mashindano ya dunia ya Gothenburg, alikuwa ametwaa medali ya shaba katika mita 1500, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kujaribu bahati tu. Alikuwa mmoja wa wale ambao dunia ilitazamia kuwaona wakipanda jukwaani. Mtu huyo aliiacha nafasi yake ya mita 1500 ili Kwizera akimbie, yeye akaingia katika mita 5000, masafa ambayo alikuwa ameyakimbia mara mbili tu katika maisha yake ya mashindano.

Hatuna budi kukumbuka hali ya nchi siku hizo. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 vilikuwa vikiendelea. Tarehe 25 Julai 1996, michezo ikiwa imekwisha kuanza, serikali ilipinduliwa Bujumbura na Pierre Buyoya akarudi madarakani. Tarehe 31 Julai nchi jirani zilikutana Arusha na kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Na tarehe 3 Agosti Niyongabo alishinda mita 5000 kwa muda wa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Burundi, nayo ikawa ya dhahabu.

Sisi walimu tunakipenda kisa hiki, na ni rahisi kuona sababu. Kinaingia vizuri katika somo la methali. Mwalimu huandika ubaoni kwamba wema hauozi, husimulia habari za Atlanta, na kengele hulia kila mtu akiwa ameridhika. Nasi tulikuwa tukifanya hivyo kila mwaka, mpaka siku moja mwanafunzi, katika shule yetu moja ya mtaa wa Buyenzi, aliponyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, na kama Bitok angempita?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa wema wa Niyongabo unathibitishwa na dhahabu, basi wema huo uliponea kwenye sehemu mbili za kumi za sekunde. Bitok angeinua kifua mapema kidogo, tungekuwa na mtu mwenye fedha; wengine wawili wangempita, tungekuwa na mtu asiye na chochote, aliyeitupa nafasi yake kwa ajili ya rafiki. Tendo ni lile lile na nia ni ile ile, ila sifa ingegeuka kuwa kejeli. Hapana shaka kwamba tendo lazima lipimwe siku lilipotendwa. Siku hiyo Niyongabo hakuwa na dhahabu. Alichokuwa nacho ni nafasi, na mbele yake masafa mageni. Kwa maana hiyo dhahabu imetuharibia somo: imefanya ukarimu uonekane kama biashara yenye faida, na watoto wetu, ambao ni werevu, wamejifunza ile faida.

Tukiiondoa dhahabu mezani, yapo mashtaka mazito dhidi ya Niyongabo, na hatupendi kuyaficha. Mshtaki aweza kusema hivi: nafasi ya Olimpiki si mali ya mtu. Mkimbiaji huvaa rangi za taifa, na taifa ndilo linaloandikishwa. Nchi iliyokuwa ikiungua, iliyohitaji walau habari moja njema, ilikuwa na mtu mmoja anayetegemewa katika mbio fulani. Mtu huyo ana haki gani ya kugawa tegemeo la watu kana kwamba ni ndizi za shambani kwake? Ukarimu kwa kitu cha wote una jina jingine, nalo si zuri. Hata katika shule zetu, mwalimu anayempa binamu yake kiti cha mtihani hawezi kujitetea kwa kusema kwamba binamu alikisubiri muda mrefu.

Tuchukulie kwamba shauri hili lingepelekwa mbele ya Bashingantahe, wale wazee wa Burundi ambao jina lao latokana na kuisimika intahe, fimbo ya hukumu. Wao hawana desturi ya kukata shauri kabla ya kusikia pande zote. Nadhari yetu ni kwamba wangeanza kwa kuuliza jambo ambalo mshtaki amelipita: kabla ya nafasi hii kutolewa, je, palikuwa na deni?

Lilikuwapo. Kwizera hakudai ushindi, kwa kuwa hakuna mtu duniani anayewiwa ushindi. Alichowiwa ni kujaribiwa. Alikuwa amekimbia miaka yote ile, na alinyimwa uwanja mara mbili kwa kosa ambalo si lake, bali upungufu wa shughuli za ofisini. Tena, mdai wake alikuwa nani? Si Niyongabo, ambaye mwaka 1988 alikuwa mtoto wa miaka 14. Mdaiwa alikuwa taifa lenyewe. Basi ile hoja kwamba nafasi ni ya taifa, ikifuatwa hadi mwisho wake, inamtetea Niyongabo badala ya kumtia hatiani: nafasi ya taifa ilitumika kulipa deni la taifa. Linaloshangaza ni kwamba aliyenyosha mkono kulipa alikuwa kijana ambaye kulipa huko kungeweza kumgharimu kila kitu, nasi hatujui deni ngapi za namna hiyo hubaki bila kulipwa kwa kuwa wenye ofisi huona wakati umekwisha kupita.

Hatusemi kwamba kila mkongwe apishwe. Hapa pana mtego, hasa kwetu sisi tuliolelewa kuinuka kitini mzee aingiapo. Muhammad Ali alizuiwa kupigana ngumi tangu mwaka 1967 hadi 1970, kwa sababu alikataa kuandikishwa jeshini. Miaka bora ya mwili wake ikaenda bure. Alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, yeye akiwa na miaka 32 na mwenzake 25, watu wengi waliona kwamba mtu amechukua kilichokuwa chake. Lakini mwezi Desemba 1981, akikaribia arobaini, alipanda ulingoni Bahamas akapigwa kwa pointi na Trevor Berbick. Huko hapakuwa na deni tena. Palikuwa na jina linalouza tiketi, na mtu asiyejua kuondoka. Mkongwe aliyenyimwa zamu yake na mkongwe aliyekula zamu zake zote akataka na ya jirani hawafanani hata kidogo, ijapokuwa mvi ni zile zile.

Lugha yetu imetuwekea tofauti hizi, na inafaa wanafunzi wazione. Tunaweza kusema kwamba Niyongabo alimpa Kwizera nafasi. Kitenzi hicho kinamtukuza mtoaji, na mpokeaji hana la kufanya ila kushukuru. Tunaweza kusema alimpisha. Hapo anayepita yuko safarini kwa miguu yake mwenyewe, na anayepisha amesogea kando tu. Au tunasema alimwachia: kitu kilikuwa mkononi mwangu, nimefungua vidole, sasa kiko kwako. Sisi tumechagua neno hili la mwisho katika kichwa cha makala, baada ya kusitasita, kwa kuwa halifichi kwamba palikuwa na kupoteza.

Limebaki la mpokeaji, ambalo wasimulizi hulipitia haraka. Baada ya lile swali la Bitok tuliwapa wanafunzi insha: jifanye Kwizera, usiku wa kuamkia mchujo wa mita 1500 huko Atlanta, andika unayowaza. Wengi waliandika mambo ya ushindi, bendera na machozi ya mama. Msichana mmoja aliandika ukurasa nusu tu. Kwizera wake hakulala, kwa sababu, alisema, "nafasi niliyo nayo ina mwenyewe, naye analala chumba cha pili."

Hatuwezi kujua kama Kwizera halisi aliwaza hivyo. Lakini hali aliyoichora msichana yule ni ya kweli kwa mtu yeyote aliyewahi kupokea kitu kikubwa mno. Yule mpiga mieleka wetu juu ya sanduku lake ana utulivu fulani: ataanguka, imekubaliwa, na kuanguka kwake kutamjenga mwingine. Kwizera hakuwa na utulivu huo. Angekimbia polepole, watu wangesema amepoteza nafasi ya mtu aliyekuwa na uwezo. Njia nyepesi ilikuwa kukataa, kubaki kocha anayeheshimiwa, na kuzeeka akisema kwamba angaliruhusiwa zamani angalikuwa wa kwanza. Hakuna ambaye angeweza kumkanusha. Yeye alikubali kupimwa mbele ya dunia katika mwaka ambao kipimo hakikuweza tena kumpendeza. Hakufika fainali. Jina lake liliandikwa miongoni mwa waliokimbia, na karibu nalo Burundi.

Kwa maoni yetu ule ulikuwa ujasiri ulio sawa na wa Niyongabo, na pengine ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa haukuwa na jukwaa la kupandia. Niyongabo mwenyewe alisumbuliwa na maumivu katika miaka iliyofuata; katika michezo ya Sydney ya mwaka 2000 hakuonekana kwenye fainali ya mita 5000. Zamu yake ya kuwa mkongwe ilimfikia mapema.

Insha ya msichana yule tuliisahihisha kama nyingine. Ilikuwa na makosa mawili ya upatanisho wa ngeli, tukayapigia mstari. Chini yake, pale tulipozoea kuandika "vizuri" au "ongeza bidii", tuliandika swali, naye hakulijibu mpaka alipohama shule: Huyo mwenyewe wa nafasi, ni nani?