Pikipiki Nyuma ya Jiko



Alizeti ikishauzwa, fedha kidogo huingia nyumbani mwetu hapa Mwankoko, na Mjaribu anaijua kalenda hiyo kama tuijuavyo sisi. Wala haji na mambo makubwa. Kwetu sisi walimu wastaafu huja na kitu cha kutukumbusha ujana: pikipiki ya zamani iliyoegeshwa nyuma ya jiko la mtu, imekaa miaka, kuku wanatagia juu ya kiti.

Mwaka huu tumeiona moja. Ni Honda CG 125, aina iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970, na watengenezaji waliiunda makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na mnyororo hula vumbi. Tanki limepauka. Matairi yamepasuka kwa jua. Mwenyewe, mzee wetu, amelala katika Bwana, na mjane wake anataka kuiuza kwa bei ya mbuzi wawili.

Basi hapo mioyo yetu ilianza kuhubiri. Ilisema: mtakwenda kuwaona wagonjwa bila kungoja bodaboda. Ilisema: mtawahi ibada ya asubuhi. Ikaendelea hata kututajia mikutano ya sinodi, ambayo hatukuchaguliwa kuhudhuria! Angalieni, ndugu, jinsi tamaa inavyojua kuvaa kanzu. Yakobo katika waraka wake, sura ya 1, atufundisha kwamba Mungu hamjaribu mtu. Kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe, kama samaki na chambo.

Twende kwenye hesabu, maana Bwana wetu katika Luka 14 alimtaja mjenga mnara ambaye hana budi kukaa kwanza na kupima gharama. Fundi aliyeitazama alisema pistoni imeshikwa na kutu ndani ya silinda. Dawa yake ni kutia mafuta kwenye tundu la plagi na kungoja siku kadhaa, bila kuilazimisha kwa kiki. Petroli iliyoachwa imekauka ikawa kama gundi, imeziba kabureta. Bado betri, matairi, breki, na nyaya zilizotafunwa na panya. Na hapa Mjaribu ana jibu zuri kweli, tusimpunje: pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria leo zina injini iliyoigwa kutoka Honda hiyo hiyo, hivyo baadhi ya vipuri vyake vinaingia. Yaani inatengenezeka. Ingekuwa haitengenezeki, tungelala usingizi.

Lakini fedha ile ina mwenyewe. Mjukuu wetu amechaguliwa kuingia kidato cha tano, na fomu ya kujiunga ina orodha ndefu: godoro, sare, viatu, madaftari. Pikipiki imengoja miaka yote hiyo. Shule ina tarehe yake.

Hata hivyo, lililotuchoma zaidi si fedha yetu bali ni bei ya mjane. Mithali sura ya 20, mstari wa 14, inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Maneno ya kusema tulikuwa nayo tayari mdomoni: "Mama, hiki ni chuma chakavu tu." Na kumbe tunajua sisi, hajui yeye, kwamba fremu ni nzima na injini yaweza kufufuka. Mtu aweza kulipa fedha halali mbele ya mashahidi, na bado akawa amemwibia mjane mchana kweupe. Someni Kutoka 22 mwone jinsi Mungu anavyosema habari za wajane. Si maneno ya mchezo.

Tena kadi yenyewe bado ina jina la marehemu. Sheria inataka kwanza ateuliwe msimamizi wa mirathi, na kwa familia nyingi za huku shauri hilo huanzia Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha ukoo. Anayenunua kabla ya hapo ananunua ugomvi na watoto wa marehemu.

Basi tulimweleza mama yote aliyoyasema fundi, tukamwomba asimuuzie wa kwanza ajaye. Tumesikia vijana wawili wamekwisha kupita pale na fedha mkononi, wala hawakusema neno juu ya injini. Mama hajui kusoma vizuri, na safari ya mahakamani inamwogopesha. Wazee wa kanisa, na ninyi wa Umoja wa Akina Mama, mmoja wenu afuatane naye siku ya kufungua shauri. Asisahau muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, na waondoke mapema, kabla foleni haijawa ndefu.