Waliohamia kwa Imani, Wakapewa Wiki Mbili

Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete alikuwa ziarani mkoani Kagera. Akiwa Biharamulo alitoa agizo ambalo wakazi wa mkoa huu wangali wanalikumbuka: wanaoishi nchini kinyume cha sheria waondoke wenyewe katika muda wa wiki mbili, na wenye silaha wazisalimishe. Siku ya mwisho ilikuwa Agosti 11. Septemba 6 ikaanza Operesheni Kimbunga, na polisi, wanajeshi na maofisa uhamiaji wakapita vijijini Kagera, Kigoma na Geita. Walioondoka kwa hiari na walioondolewa walikuwa maelfu kwa maelfu. Zaidi ya watu elfu kumi waliingia Rwanda, wengi wakivukia Rusumo, na kambi ikafunguliwa Kiyanzi, wilayani Kirehe, ili kuwapokea. Wengine walirudi Burundi, wengine Uganda.

Walikuwemo watu wa Karagwe na Kyerwa, tena si wapita njia. Walikuwa na migomba waliyoipanda kwa mikono yao, kahawa waliyokwisha kuichuma misimu mingi, na watoto waliokuwa wakisoma shule zetu. Siandiki ili kufukua makaburi. Naandika kwa sababu kosa lililowaponza wengi wao ni kosa ambalo mtu yeyote mwema anaweza kulifanya, na naona bado tunalifanya.

Walikuja kwa njia mbalimbali. Wapo waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Aliyefuatilia hadi akashika cheti mkononi alijijengea ukuta. Aliyeona kwamba tangazo la uamuzi huo limetosha alibaki na kumbukumbu ya tangazo. Wakaja wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, waliojaa katika makambi kama Chabalisa na Kagenyi, wakati Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Na miaka yote hiyo walikuwepo waliovuka Mto Kagera bila kelele, familia moja moja, kwa sababu kwao ardhi ilibana na huku kulikuwa na rweya, nyika ya majani ambayo hakuna aliyekuwa akiilima. Walifuata ndugu aliyetangulia. Walifuata habari kwamba watu wa huku ni wakarimu, na habari hiyo ilikuwa ya kweli.

Tuitazame karatasi waliyoishi nayo. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Juu yameandikwa maneno ya mauziano ya shamba, kisha jina la muuzaji na la mnunuzi, bei, na mipaka: kutoka kwenye mramula, mti wa mpaka, hadi mramula mwingine, kuteremka korongoni, kupakana na kibanja (shamba la migomba) cha fulani. Chini kuna mashahidi watatu, wawili wakiwa wametia dole gumba lililopakwa wino wa peni. Mwenyekiti wa kitongoji ametia sahihi. Rubisi, pombe ya ndizi, imeletwa, wazee wamekunywa, na kuanzia jioni ile mgeni amekuwa jirani. Hakuna mhuri wa halmashauri ya kijiji. Hakuna aliyemuuliza mnunuzi kuhusu uraia wake, pengine kwa haya, maana kumuuliza mtu unayekunywa naye ni kama kumfukuza.

Ukurasa ule ulifanya kazi kwa miaka mingi, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Jirani aliuheshimu. Kesi za mipaka zilimalizwa kwa kuutoa kabatini. Mtu akauguza, akazika, akaoza binti, akachanga shule ikijengwa, na kila mwaka uliopita salama ukamthibitishia kwamba hakukosea kuhama. Lakini kwa sheria za ardhi za mwaka 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo hata kama ukurasa ungekuwa na mashahidi ishirini, mbele ya serikali usingemlinda.

Dalili za hatari hiyo zilikuwepo, tena nyingi. Desemba 1996 serikali pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya Desemba 31. Watu wapatao nusu milioni waliondoka Ngara na Karagwe kwa majuma machache tu. Aliyekuwa akiishi kijijini bila hati aliwaona wakipita barabarani na magodoro kichwani. Akasema: hao ni wa makambini, sisi tuko vijijini.

Mwaka 2006 ikaja operesheni nyingine hapa Kagera, ikawaondoa Wanyarwanda na Warundi, wakiwemo waliokaa muda mrefu. Safari hii hakukuwa na kambi, ilikuwa vijijini. Lakini macho ya wengi yalikuwa kwenye makundi ya ng'ombe yaliyojaa katika mapori ya akiba kama Burigi na Kimisi, na magomvi ya wafugaji na wakulima. Mkulima wa migomba akasema: hao ni wafugaji, sisi hatuna ng'ombe porini.

Kisha ujambazi wa kutumia silaha ukazidi katika barabara za mkoa, mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi, na katika kila mkutano wa usalama maneno "wahamiaji haramu" yakatajwa pamoja na neno "majambazi". Aliyekuwa hajawahi kushika hata panga kwa ubaya akasema: hao ni majambazi, mimi kila mtu ananijua. Mei 2013, mjini Addis Ababa, Rais Kikwete alimshauri Rais Kagame wa Rwanda azungumze na waasi wa FDLR, na uhusiano wa nchi hizi mbili ukaharibika hadharani. Hata hilo lilionekana ni la wakubwa, haliwezi kufika Nkwenda wala Isingiro, huku Kyerwa. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Tunaujua usemi huu tangu utotoni, lakini kila mara tunapata sababu ya kusema kwamba nywele za mwenzetu si kama zetu.

Sisemi haya kwa kujiona mwerevu. Ningekuwa na kibanja kinachonilisha, watoto wanaoongea lugha ya hapa, na jirani anayeniachia funguo za nyumba yake, ningeamini vilevile. Unapoishi vizuri na watu, kwenda kwenye ofisi ya uhamiaji kunaonekana kama kuamsha aliyelala. Hofu hiyo naielewa. Huenda ukatajwa, huenda ukaambiwa uondoke. Kwa hiyo unanyamaza leo, na kesho, na mwisho umenyamaza miaka thelathini.

Wala sisemi kwamba lawama yote ni ya waliofukuzwa. Njia iliyotumika mwaka 2013 iliacha machungu. Familia zilitenganishwa, na wapo waliodai hadi mwisho kwamba ni Watanzania. Sisi tuliowauzia vibanja, tukapokea michango yao msibani na kodi zao sokoni, tulijua hali yao na hatukuwaambia ukweli mapema. Undugu ulitutaka tumwambie kila mmoja wao: ndugu yangu, hapa umefika, sasa twende wilayani tukaulize.

Katika wiki zile mbili baadhi waliuza ng'ombe na ndizi zilizokuwa bado shambani kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila mnunuzi alijua muuzaji hana muda. Wengine walikaa wakisubiri, wakiamini kwamba agizo litapoa kama mengine. Walioamini hivyo ndio waliofikiwa na Kimbunga wakiwa na kile tu wanachoweza kubeba.

Msomaji raia asifunge ukurasa hapa akidhani habari hizi ni za wageni tu. Watu wanahama kutoka Muleba na Missenyi kuja Kyerwa, na watu wa Karagwe wanahamia Geita na Katavi kutafuta ardhi. Wengi wanauza kila walichonacho nyumbani kabla ya kujua wanachokinunua. Wananunua kwa mtu mmoja, mke wake hajui, wanawe hawajui, halmashauri ya kijiji haijui. Uraia unao, lakini ukurasa wa daftari ni ule ule. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila, na uhamisho wa ardhi ya kijiji unatakiwa upite kwenye halmashauri ya kijiji. Nenda kwa mtendaji kabla ya kutoa fedha. Ongea na majirani wa pande zote nne. Mtake muuzaji aje na mkewe na watoto wakubwa. Akikuharakisha kwa kisingizio kwamba kuna mteja mwingine njiani, acha huyo mteja mwingine anunue.

Na wewe ambaye bibi yako alitoka ng'ambo ya mto, kama ilivyo kwa Wanyambo wengi wa kando ya Kagera, usingoje siku ya kuombwa kitambulisho. Katika wilaya za mpakani maswali ya ukoo huwa mengi, na majibu yanataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, si kauli ya jirani. Wazee wanaoweza kutoa ushahidi wa kuapa wanapungua kila mwaka. Andikisha watoto wakiwa wadogo.

Kwa asiye raia, njia ipo, ingawa ni ndefu na ina gharama. Uraia wa tajnisi, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, unamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia awe ameishi humu jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe na tabia njema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Ukaazi wenyewe uwe halali, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hawakuanza na kibali. Ndiyo maana nasisitiza aanze sasa, wakati hakuna operesheni, wakati ofisa ana nafasi ya kumsikiliza mtu mmoja mmoja.

Jambo moja linaniumiza kuliko mengine. Miongoni mwa waliovuka mwaka 2013 walikuwemo wanawake walioolewa na Watanzania, waume na watoto wakabaki upande huu. Ndoa peke yake haimfanyi mwanamke kuwa raia, lakini Sheria hiyo hiyo ya Uraia inampa haki ya kuomba uraia wakati wowote mume wake akiwa hai. Ni fomu, ni picha, ni cheti cha ndoa, ni ada, na mume wa kwenda naye. Kama umeoa kutoka ng'ambo ya mpaka, Kikagati, Kirehe au Ngozi, na mama watoto wako hajawahi kuijaza fomu hiyo, mpeleke ofisi ya uhamiaji ya wilaya wiki hii, nawe ungali na nguvu za kwenda.